Maswali ya wasomaji: diski moja, patisheni ngapi?

Safari hii karibu maswali yote yaliyoingia ni ya kugawa diski kwenye patisheni, yaani vyumba vinavyojitegemea, sijui nani kawachokoza, ila nimefurahi maana hiki ni kitu ambacho watu wanakipita haraka haraka siku ya kuinstoli afu wanakuja kulia baada ya mwaka. Nimechagua machache, yanayofanana nimeyaunganisha. Na kabla hatujaanza, diski iliyoandikwa GB 500 ukiifungua inakwambia 465, wengi mnaniuliza hili kila siku, hujaibiwa bana, mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu na kompyuta inahesabu kwa 1024, ndo tofauti yote hiyo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina laptopu yenye SSD ya GB 500 na ramu GB 8, Windows naifuta kabisa nabaki na Linux tu. Programu ya kuinstoli inaniuliza igawe diski yenyewe au nigawe mimi. Rafiki yangu anasema anayejua kazi anagawa mwenyewe, yaani foleda za mfumo: / (mzizi wa zote), /boot, /usr, /var (logi na data za programu), /tmp (mafaili ya muda), /home (mafaili yangu) na swapu (nafasi ya kupumulia ramu ikijaa), kila kitu na patisheni yake. Nimechora kwenye karatasi nimefika saba na sijui kila moja niipe ngapi. (Mwanafunzi, mwaka wa kwanza)

Salama mdogo wangu. Hiyo karatasi iweke pembeni kwanza, siyo kwamba umekosea, ila hiyo orodha ni ya seva, tena seva za enzi zile, na laptopu ya mtu mmoja haihitaji hata nusu yake.

Chukua /usr kwa mfano. Watu wanadhani kuna hekima kubwa iliyofichwa pale wakati chanzo chake ni njaa ya nafasi tu. Kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970 kina Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wanaendesha Unix kwenye PDP-11, diski ya mfumo ikajaa, wakaanza kumwagia programu kwenye diski ya pili ambayo ndo ilikuwa inabeba mafaili ya watumiaji, na hiyo ya pili ilikuwa imemauntiwa, yaani imeunganishwa, kwenye /usr. Basi ndo tukapata /bin na /usr/bin, mafaili ya watumiaji yenyewe baadaye yakahamishiwa kwingine kabisa, ile mbili mbili ikabaki. Siku hizi distro nyingi, yaani aina mbalimbali za Linux, zimeshaunganisha, /bin ni kiungo tu kinachokupeleka /usr/bin, Fedora walifanya hivo kwenye toleo la 17 mwaka 2012 na wengine wakafuata. Kwahiyo kwenye Linux ya leo ukitenga /usr unajitafutia kazi bure, maana vitu vinavyotakiwa mwanzo kabisa mashine inapowaka vimo humohumo ndani. Ikate.

/boot nayo inahitajika kama unafunga diski kwa LUKS, yaani kufuli la nywila la Linux, au mpangilio wako ni wa ajabu ajabu kiasi kwamba GRUB, programu inayowasha mfumo, haiwezi kuusoma, kama siyo hivo iache ikae ndani ya /. /tmp distro kadhaa zinaiweka kwenye ramu zenyewe. /var kwenye laptopu haina vurugu ya kutisha.

Mi kila nikitaka kutenga kitu najiuliza maswali mawili tu: hiki kikijaa kitaangusha nini, na siku nikifuta mfumo nianze upya nataka hiki kibaki? Kama majibu yote mawili ni "hapana shida", hakitengwi. Kwa laptopu yako kinachopita hapo ni /home peke yake, na chenyewe kwa lile swali la pili.

Kwahiyo: patisheni ya EFI giga 1, fomati yake FAT32, hiyo haina mjadala mashine ya UEFI inaanzia hapo. / mpe giga 60, usimbanie ukampa 20 kama maelezo ya zamani yanavyosema, maana ukianza kuweka programu za Flatpak au Snap zinakaa chini ya /var/lib ambayo iko ndani ya / hiyohiyo, na zinakula kweli. /home mpe giga 250. Iliyobaki, kama giga 150 na ushee, iache tupu, usiigawe. Swapu tunaikuta kwenye swali linalofuata.

Hapo ndo kila mtu ananigombeza, "sasa nimenunua diski ya nini kama siitumii". Utaitumia, ila baadaye, ukishajua nani kati yao ana njaa. Kupanua ni rahisi na kupunguza ni shughuli, hilo ndo la kukariri ukisahau mengine yote. ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Linux, unaipanua mashine ikiwa inafanya kazi, kuipunguza lazima uiondoe kwanza, yaani kama ni / inabidi uwashe mashine kwa USB. XFS, mfumo mwingine wa mafaili, ndo kabisa, ukishaipa ukubwa hairudi nyuma, labda uhamishe data, uifute na uiunde upya.

Na hata hiyo nafasi tupu ina mahali pake, watu wengi hawaliangalii hili. Patisheni ya kawaida inapanuka kuelekea mwisho wa diski tu, kwahiyo ukipanga EFI, /, /home halafu tupu, anayeweza kufaidi ni /home peke yake, / ikijaa imebanwa katikati haina pa kwenda. Ukitaka kusogeza mwanzo wa /home ili / ipate nafasi, GParted itafanya, ila inabidi ihamishe kila kitu kilichomo, masaa, na umeme ukikata katikati hapo sina la kukusaidia. Ndo maana nakwambia tiki LVM kwenye programu ya kuinstoli, ukitumia LVM habari ya nani kakaa jirani na nani inakufa, nafasi yote inakuwa kwenye fungu moja na kila mmoja anakatiwa kipande toka popote. Siku / inakaribia kujaa unaandika

lvextend -r -L +20G /dev/vg0/root

hilo vg0/root ni jina la mfano, ya kwako utayaona ukiandika lvs, na ile -r usiisahau, ndo inayopanua na mfumo wa mafaili uliomo ndani, bila hiyo unakuwa umepanua ganda tu. Ila chungulia kwanza, instola nyingine ukitiki LVM inagawa nafasi yote hadi tone la mwisho, kwahiyo punguza mwenyewe kabla hujabonyeza kuendelea.

Siku utakapobadilisha distro unachagua ile /home ya zamani, unaiambia iende kwenye /home, na kile kisanduku cha kufomati UNAKIACHA bila tiki. Rudia kuangalia mara mbili. Na ujue mafaili hayana jina la mwenye mali, yana namba, Linux nyingi mtumiaji wa kwanza anapewa 1000, ukiwa wa kwanza tena kwenye mfumo mpya unakuta kila kitu chako, ukiwa wa pili unapewa 1001 na unaanza kukataliwa kufungua mafaili yako mwenyewe.

Afu /home ya peke yake siyo bekapu jamani, naona watu wanaongea kama vile ni bekapu. Ni diski ileile, ikifa wanakufa wote.

SWALI: Mkuu, nina ramu ya GB 16. Nimesoma swapu inatakiwa iwe mara mbili ya ramu. Niweke GB 32 kweli? (Msomaji wa siku nyingi)

Usiweke. Hiyo sheria ilitoka wakati ramu ni mega kadhaa na ilikuwa na maana yake wakati huo. Leo swali ni moja, unatumia haibaneti au hutumii, yaani ile kuzima kabisa huku programu zako zinabaki wazi ukiwasha unazikuta. Kama unatumia, swapu iwe angalau sawa na ramu, kwako 16 na chenji kidogo, maana vilivyomo kwenye ramu vinamwagwa humo. Kama hutumii, giga 4 zinatosha na kubaki.

Na hata patisheni si lazima, faili linafanya kazi vizuri tu, Ubuntu toka toleo la 17.04 wanaweka faili. Kwenye ext4:

fallocate -l 4G /swapfile
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

afu unaongeza mstari kwenye /etc/fstab, orodha ya vitu vya kumaunti mashine ikiwaka, ili ijirudie ukiwasha. Uzuri wa faili ni kwamba ukibadili mawazo kesho unalizima kwa swapoff, unalifuta, unatengeneza jingine, hakuna patisheni iliyoguswa. Kwenye Btrfs, mfumo mwingine wa mafaili, faili la swapu lina masharti yake, halitaki kunakiliwa kwa kuandika wala kubanwa, kwahiyo huko fuata maelezo ya distro yako. Fedora toka toleo la 33 wao wanatumia zram, swapu inayokaa ndani ya ramu yenyewe ikiwa imebanwa, ukisikia unashangaa lakini inafanya kazi.

Wale wa "ramu yangu kubwa siweki swapu kabisa", sawa, ila siku ramu ikiisha keneli, kiini cha mfumo, inachagua programu ya kuua, na mara nyingi inachagua ile nono, ambayo ndo ileile uliyokuwa unafanyia kazi.

SWALI: Tunaomba msaada wa haraka. Seva yetu yenye diski ya TB 1 ina patisheni moja tu, / peke yake. Jana imejaa, databesi ikagoma kuandika, barua pepe zikasimama. Tukakuta logi moja ina GB 30, tukaifuta, lakini df -h, amri ya kuonyesha nafasi, bado inasema 100%. Hizo GB 30 zimeenda wapi? Na tukijenga upya tugawe vipi isijirudie? (Wawili wa kitengo cha kompyuta)

Poleni sana. Tuanze na hizo 30 maana zinawauma.

Hazijaenda popote. Kwenye Unix ukifuta faili unafuta jina lake tu, kama kuna programu bado imelifungua, data inaendelea kukaa kwenye diski mpaka ile programu ilifunge au ifungwe. Andikeni lsof +L1, itawatajia mafaili yaliyokwisha futwa ila bado yameshikwa, mtaliona hapo na jina la aliyelishika pembeni, muiwashe upya hiyo huduma na nafasi inarudi palepale. Siku nyingine logi inayotumika msiifute, iondoeni vilivyomo kwa truncate -s 0 na jina la faili, jina linabaki, uzito unaondoka.

Kama bado 100%, angalieni na hii: ext4 kwa kawaida inaweka akiba asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya ruti, msimamizi wa mfumo, peke yake. Kwenye tera moja hiyo ni kama giga 50! Maana yake databesi inaanza kupiga kelele kwamba diski imejaa wakati nafasi ipo ila siyo ya kwake. Kwenye patisheni ya mfumo hiyo akiba iacheni, ndo inayowapa upenyo wa kuingia na kusafisha kama mlivofanya jana, ila kwenye patisheni ya data tupu mnaweza kuishusha kwa tune2fs -m 1 bila kufuta chochote.

Na siku mkiona df -h inasema nafasi ipo tele lakini kila kitu kinakataa kuandika, pigeni df -i. Kila faili linahitaji inodi moja, kadi yake ya taarifa, ext4 inazihesabu siku ya kufomati na kawaida inatoa moja kwa kila kilobaiti 16, zikiisha zimeisha. Foleni ya barua pepe au foleda ya seshoni za tovuti yenye mafaili milioni kadhaa ya baiti chache chache inazimaliza wakati diski haijafika hata nusu. XFS haina hili tatizo sana, inatengeneza inodi kadri inavyohitaji.

Sasa kugawa. Kwenye seva lile swali langu la kwanza, kikijaa kitaangusha nini, ndo kila kitu. Kwenu logi imejaa ikaangusha databesi na barua, watu watatu ambao hawahusiani. Patisheni kazi yake hapa ni ukuta, moto wa jikoni uishie jikoni. Kwahiyo kaeni chini mwandike vitu vinavyokua vyenyewe bila nyie kugusa, mara nyingi ni hivi: /var/log, foleda ya databesi, foleni ya barua, kama mnatumia Docker basi /var/lib/docker ambayo ina tabia mbaya ya kulimbikiza picha za zamani (vifurushi vya programu, siyo za kamera), na pale watumiaji wanapopandisha mafaili yao. Kila kimoja ambacho kikijaa hamtaki kimguse mwenzake, kinapata chake.

Kwa tera moja, wote wakiwa ndani ya LVM, mi ningeanza hivi: / giga 40, /var 60, /var/log 20, databesi 300, barua 100, swapu 8, na kama giga 400 zinabaki kwenye fungu hazina mtu. Namba zenyewe si msahafu, pimeni kwanza kwa du -xsh, amri ya kupima foleda, mnatumia kiasi gani leo mzidishe mara mbili au tatu. /var/log ikijaa kwa mpangilio huu mnakosa logi, inaudhi, lakini databesi wala haijui kama kuna kitu kimetokea.

Ukuta una ubaya wake nao, siwafichi. Kuna siku databesi itajaa huku barua ina giga 80 hazina kazi, na kama zile 400 mngezigawa zote siku ya kwanza mngekuwa mmeshikana mashati. Ndo maana nasisitiza kuacha.

Kutenga hakuondoi haja ya kubana logi yenyewe. logrotate, inayozungusha na kufuta logi za zamani, iwepo, na journald, mtunza logi wa mfumo, ina kikomo chake cha asilimia 10 ya mfumo wa mafaili ila haizidi giga 4, mnaweza kukishusha kwa SystemMaxUse. Iliyofika giga 30 nina uhakika siyo ya journald, ni programu inayojiandikia logi yake pembeni na hakuna aliyeiambia logrotate.

/tmp iwekeeni nosuid (programu zisijipatie mamlaka ya mwingine) na nodev (mafaili ya vifaa yasifanye kazi humo) bila wasiwasi. noexec (kitu kisiendeshwe toka humo) inasaidia kiusalama lakini baadhi ya vifurushi vinapoinstoliwa vinaendesha skripti toka /tmp, vitagoma, na mtapoteza asubuhi nzima kujua kwanini.

Jambo la mwisho kwenu. Kuhamisha /var ya sasa kwenda patisheni mpya mnaweza bila kuinstoli upya, zimeni huduma zote, mauntini mpya kwenye /mnt, nakilini kwa rsync -aAXH /var/ /mnt/, ile mkwaju ya mwisho wa /var/ iwepo. Halafu ya zamani ipeni jina jingine, /var.zamani, mtengeneze /var tupu na mmaunti juu yake. Mkimaunti juu ya ya zamani bila kuihamisha, vilivyomo havionekani tena ila vinaendelea kula nafasi ya /, mtapiga du mpaka mchoke hamtavikuta.

SWALI: Nimeongeza diski ya TB 4 ila nikiigawa nafika TB 2.2 tu, iliyobaki haikubali. Diski mbovu? (Mwenye diski)

Nzima kabisa. Umeifungua kwa jedwali la MBR, kitu cha mwaka 1983 kilichokuja na PC DOS 2.0. Namba ya sekta humo ina biti 32, zidisha kwa sekta za baiti 512 unapata 2.2, mwisho wa safari, na patisheni kuu ni nne tu. Tumia GPT, inabeba patisheni 128 kwa kawaida na inaweka nakala ya jedwali mwishoni mwa diski. Kama diski bado haina kitu andika upya tu. Kama ina data, gdisk inaweza kubadili MBR kwenda GPT bila kufuta, ila bekapu kwanza. Na kama mashine yako ni ya BIOS ya zamani na unataka kuwashia toka diski ya GPT, GRUB inataka kipatisheni cha mega 1 cha kukaa, bila fomati yoyote.

SWALI: Nataka kubaki na Windows na kuweka Linux pembeni. Windows imekuja na patisheni nne ambazo hata sizijui, nifute ipi? (Dada wa mahesabu)

Usifute hata moja dada. Moja ni EFI, moja kiduchu cha mega 16 Microsoft wamejiwekea, moja ndo C:, na moja ya kurekebishia mfumo ukiharibika. Ya kupunguza ni C: tu, na uipunguze ukiwa ndani ya Windows yenyewe kwa Disk Management, wanajua wenyewe mafaili yao yalipo. Kabla ya hapo zima Fast Startup, maana ikiwa imewashwa Windows "ikizimwa" inakuwa imelala tu na ukigusa C: toka Linux unaweza kuharibu, na kama BitLocker, kufuli la diski la Windows, iko, isimamishe na uweke ule ufunguo wake mrefu mahali ambapo siyo kwenye hiyohiyo laptopu.

EFI mtatumia moja na Windows, usitengeneze ya pili. Mara nyingi ya Windows ni mega 100 tu, inatosha ilimradi uimaunti kwenye /boot/efi, hapo GRUB inachukua mega chache basi. Ukiimaunti kwenye /boot yenyewe keneli zitaingia humo, na keneli moja na initramfs yake (kifurushi cha kuwashia) haikosi makumi ya mega, apdeti ya pili tu utasikia hakuna nafasi.

SWALI: Mimi ni wa OpenBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix. Instola imenipendekezea patisheni kama kumi hivi, hadi /usr/X11R6 ina yake! Wewe unasema chache. Nani mkweli? (Mgeni wa BSD)

Wote, maana wao hawagawi kwa sababu ya kujaa tu. Kila patisheni inapewa masharti yake, /home na /tmp ni nosuid na nodev, na ruhusa ya wxallowed, ile ya programu zinazotaka kumbukumbu ya kuandikika na kuendeshwa kwa wakati mmoja, inatolewa kwa /usr/local peke yake. Ukiweka kila kitu kwenye / huwezi kutoa ruhusa hiyo kwa kipande. Tena FFS, mfumo wao wa mafaili, haina jono (daftari la mabadiliko), umeme ukikatika fsck, kikagua diski, inapita kila mahali, na vipande vidogo vinapona haraka kuliko bonge moja. Usipoteze muda na zile herufi za patisheni zao: a ni ruti, b ni swapu, c ni diski nzima, hiyo usiiguse.

Kubali pendekezo lao afu rekebisha mawili matatu. Kama hutajenga mfumo toka kwenye kodi yake, /usr/src na /usr/obj huzihitaji, nafasi yake mpe /usr/local hasa kama ni mashine ya mezani na utaweka vifurushi vizito. /usr usiibane, wengi wanakwama pale siku ya kupandisha toleo. growfs ipo ila inapanua kuelekea nafasi tupu iliyo jirani tu, habari ileile ya juu, na LVM huko hakuna.

FreeBSD ni dunia nyingine, ukichagua ZFS, mfumo wa mafaili, kwenye instola yao kila kipande kinachota kwenye fungu moja na unaweka kikomo kwa quota ukitaka, kikomo unachobadilisha kwa amri moja. Kwa mtu anayechukia kupiga mahesabu ya giga, huko ndo raha.

SWALI: Nimeongeza diski ya pili ya data, nikaiandika kwenye fstab kama /dev/sdb1. Wiki mbili poa, leo mashine haiwaki, inaishia skrini nyeusi inaomba nywila ya ruti. (Aliyekwama)

Majina ya sda na sdb yanagawiwa kwa kuwahi, ukichomeka flashi au ukibadili tundu yanaweza kupishana, na fstab yako inatafuta kitu ambacho leo kina jina jingine. Weka hiyo nywila, fungua /etc/fstab kwa nano, weka # mbele ya mstari wako, washa upya, itawaka. Ikikukatalia kuhifadhi, andika mount -o remount,rw / kwanza. Ukishaingia piga lsblk -f, chukua UUID, namba ya kipekee, ya hiyo patisheni, mstari uwe hivi:

UUID=namba-yako /data ext4 defaults,noatime,nofail 0 2

nofail maana yake diski isipokuwepo mashine iendelee na maisha. Na kabla hujawasha upya tena piga findmnt --verify halafu mount -a, zote mbili zisipolalamika ndo uwashe.